Meksiko inalalamikia mpaka wa kaskazini, kwa nini kusini inafunga yenyewe?

#1 Mwanafunzi wa Dunia
Wakuu, salama. Niende moja kwa moja.

Kila Marekani inapokamata Wameksiko na kuwarudisha kwao, serikali ya Meksiko inapaza sauti, na ina haki. Ina ofisi za kibalozi zaidi ya 50 ndani ya Marekani. Hakuna nchi nyingine yenye mtandao mkubwa kiasi hicho ndani ya nchi moja. Zinatafutia watu mawakili, zinatoa hati za kuzaliwa, zinasaidia hata kurudisha maiti nyumbani.

Sasa geuka kusini. Huko Chiapas, mpakani na Guatemala, Meksiko hiyohiyo imeweka vizuizi barabarani, maofisa wanapanda kwenye mabasi kukagua nyuso, na mji wa Tapachula umekuwa mahali pa kukwama. Mhonduras, Mhaiti, Mvenezuela, anakaa miezi hana ruhusa ya kwenda mbele na kazi hana.

Msimamo wangu ni kwamba hapa asilaumiwe Mmarekani peke yake. Tatizo ni jinsi Meksiko inavyojitazama, na nani inamhesabu kuwa mtu wake. Wajuvi karibuni.

#2 Kitwana wa Gongo la Mboto
Mkuu, mchawi unamtafuta mbali wakati kakaa sebuleni.

Mwisho wa Mei 2019 Trump alitangaza ushuru wa 5% kwa bidhaa zote za Meksiko, upande hadi 25% kama wahamiaji hawatazuiwa. Haikupita muda, mwanzoni mwa Juni wakaelewana, na Meksiko ikaahidi askari 6,000 wa Guardia Nacional, kikosi ambacho ndiyo kwanza kilikuwa kimeundwa, waende kusini. Zaidi ya asilimia 80 ya mauzo ya nje ya Meksiko yanaenda Marekani. Ungekuwa wewe rais ungefanyaje? Mambo ya utambulisho yaache, hapo mtu kashikwa koo.

#3 Bin Mwinyi
Kitwana, umeanzia katikati ya hadithi. Julai 2014, Trump hata hajatangaza kugombea, Rais Enrique Peña Nieto alizindua mpango wa mpaka wa kusini, Programa Frontera Sur. Mwaka huo maelfu ya watoto wa Amerika ya Kati walikuwa wamefika mpaka wa Marekani peke yao. Mwaka uliofuata Meksiko ilirudisha watu wa Amerika ya Kati wengi kuliko waliorudishwa na Marekani yenyewe.

#4 Kitwana wa Gongo la Mboto
Na aliyekuwa akimsukuma Peña Nieto ni nani? Obama. Chama kimebadilika, mkono ni uleule. Umenisaidia hoja, ahsante.

#5 Chipukizi wa Chalinze
Samahani wakubwa, hivi Meksiko si Amerika Kusini? Mbona mnasema ina mpaka na Marekani?

#6 Mzee wa Kaya
Huyu aliruka kipindi cha jiografia akaenda kucheza mpira 😂

#7 Bin Mwinyi
Mzee wa Kaya, mwache kijana aulize. Meksiko iko Amerika ya Kaskazini, pamoja na Marekani na Kanada. Na swali lake lina maana kuliko mnavyodhani. Januari 1, 1994 mkataba wa biashara wa NAFTA ulianza kazi, na viongozi wa Meksiko wakasema sasa tumeingia klabu ya wakubwa. Alfajiri ya siku hiyohiyo wakulima wa asili ya Kimaya huko Chiapas, Wazapatista, walitwaa miji kadhaa kwa silaha, San Cristóbal de las Casas ukiwemo. Nchi inatazama kaskazini kutafuta hadhi, kusini yake mwenyewe inabaki mgongoni. Sasa kama raia wake wa Chiapas wanatendewa hivyo, Mguatemala atarajie nini?

#8 Mwalimu wa Zamu
Naomba tuanze na 1848, bila hapo hatutaelewana.

Vita vya Meksiko na Marekani vya 1846 hadi 1848 viliisha kwa Mkataba wa Guadalupe Hidalgo. Ukijumlisha na Texas, ambayo ilikuwa imejitenga 1836, Meksiko ilipoteza zaidi kidogo ya nusu ya ardhi yake: California, Nevada, Utah, sehemu kubwa ya Arizona na New Mexico, na vipande vya majimbo mengine. Ikalipwa dola milioni 15. Ziko familia ambazo hazijawahi kuvuka mpaka, mpaka ndio uliowavuka. Mtoto wa Meksiko anakua shuleni na jeraha hilo, na ndiyo maana akiona mtu wake anafukuzwa kutoka Los Angeles anaona anafukuzwa kwenye nyumba iliyokuwa yake.

Lakini sasa sikilizeni upande wa pili. Chiapas yenyewe kabla ya uhuru ilikuwa chini ya Guatemala, ndani ya utawala wa Wahispania. Kwa hiyo Mguatemala naye anayo historia ya kusimulia: jirani mkubwa wa kaskazini alichukua kipande chetu. Meksiko ni Marekani ya Guatemala.

#9 Bin Mwinyi
Mwalimu, hapo kwenye Chiapas twende taratibu. Chiapas yenyewe iliamua kujiunga na Meksiko mwaka 1824, kwa kura. Waweza kuuliza nani alipiga hiyo kura, maana wengi wa wenyeji hawakuulizwa, ila haikuwa vita. Sehemu iliyochukuliwa kwa jeshi ni Soconusco, mwaka 1842, enzi za Rais Santa Anna wa Meksiko. Na Tapachula iko hukohuko Soconusco! Guatemala iliachana rasmi na madai yake kwa mkataba wa 1882.

#10 Mwalimu wa Zamu
Sawa na hiyo 1842 ni nini kama si kuchukua? 😀 Tuendelee.

#11 Mkongomani wa Maine
Bandugu jambo. Mimi ni mtu wa Bukavu, sasa naishi Portland, Maine. Nimesoma huu uzi wote, nikaona niseme kwa sababu Tapachula nimelala chini pale.

Tulishukia Quito, Ecuador, kwa sababu wakati ule walikuwa hawatuombi viza. Kutoka pale tukapanda kwa basi, Colombia, halafu msitu wa Darién mpaka Panama. Huo msitu sitausimulia hapa. Mwaka ni 2019. Wakongomani, Waangola, Wakameruni, tulikuwa wengi kweli.

Waliotutangulia walikuwa wanapewa karatasi ya kutoka nchini, na kwa karatasi ile wanapanda mpaka Tijuana ama Piedras Negras, miji ya mpakani na Marekani, bila tatizo. Sisi tukafika wakati sheria inabadilika: karatasi yako inasema utoke, lakini utokee kusini, urudi Guatemala. Nani atarudi Darién? Tukaweka mahema nje ya kituo cha uhamiaji, na watoto, mvua inanyesha. Ofisa mmoja akaniambia kwa Kihispania, polepole ili nielewe, kwamba mimi si tatizo la Meksiko, mimi ni mtu wa kupita.

#12 Mama Zawadi
Pole sana kaka. Na wenyeji je, waliwapokeaje?

#13 Mkongomani wa Maine
Aksanti dada. Wenyeji ni hadithi ingine. Tuliingia kwa mto Suchiate. Pale kuna daraja kubwa la serikali, mapasipoti yanagongwa juu. Chini ya daraja, unaliona kabisa, kuna balsa: mipira miwili mikubwa ya ndani ya tairi ya lori imefungwa na mbao juu, kijana anasukuma kwa mti mrefu. Zinapakia sabuni, mafuta ya kupikia, karatasi za chooni, soda za Meksiko kupeleka Guatemala kwa sababu huko ni bei kali. Zikirudi zinaleta watu. Polisi anatazama, mama wa soko anatazama, hakuna mutu anasema kitu. Kwa wenyeji ule mto ni njia ya sokoni.

Mama mmoja muuza tamales, chakula cha unga wa mahindi kilichofungwa kwa majani, alikuwa anatupatia zilizobaki jioni. Mwingine, mwenye nyumba, aliongeza kodi mara mbili alipoona sisi weusi. Wote ni Meksiko.

#14 Kitwana wa Gongo la Mboto
Kaka, heshima kwako. Ila ona: sheria ilibadilika mwaka gani? 2019. Mwaka wa ushuru.

#15 Mwanafunzi wa Dunia
Kitwana, na kauli ya "wewe ni mtu wa kupita" nayo iliandikwa Washington?

#16 Binti Songea
Nimesoma Kihispania chuoni nikafanya utafiti mdogo juu ya watu weusi wa Meksiko. Nakubaliana na mleta uzi.

Baada ya mapinduzi yaliyoanza 1910, serikali ilitaka kuunganisha nchi iliyosambaratika. José Vasconcelos, waziri wa elimu kuanzia 1921 hadi 1924, akasambaza shule vijijini na kuwapa kuta wachoraji kama Diego Rivera. Wazo kuu lilikuwa kwamba Mmeksiko halisi ni mestizo, mchanganyiko wa Mhispania na mwenyeji wa asili. Ukilisikia mara ya kwanza unalipenda, maana ulimwengu wa wakati ule ulikuwa ukiabudu damu safi. Lakini mchanganyiko huo ulikuwa na kapu la kutupia watu. Watoto wa wenyeji wa asili kama Wanahua na Wazapoteki walifundishwa kwa Kihispania tu. Wachina wa jimbo la Sonora walifukuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Na Mwafrika hakutajwa kabisa, wakati Vicente Guerrero, rais wa pili wa nchi hiyo, aliyefuta utumwa mwaka 1829, alikuwa na asili ya Kiafrika!

Watu weusi wapo hadi leo, pwani ya Costa Chica katika majimbo ya Guerrero na Oaxaca, na huko Veracruz, ambako kuna mji unaitwa Yanga kwa jina la Mwafrika aliyeongoza watumwa waliotoroka. Katiba iliwatambua mwaka 2019 tu. Sensa ya 2020 ikawauliza kwa mara ya kwanza, wakajitaja zaidi ya milioni 2.5, kama asilimia 2 ya wananchi wote.

Na hili ndilo lililoniuma: mtu wa Costa Chica akisafiri kwenda kaskazini kutafuta kazi, maofisa wa uhamiaji humshusha kwenye basi na kumwambia aimbe wimbo wa taifa, kuthibitisha kwamba si Mhonduras wala Mkuba. Kwenye nchi yake! Visa hivi vimesimuliwa na wengi.

#17 Mzee wa Kaya
Duh. Aimbe wimbo wa taifa. Hapo nimekosa neno.

#18 Otis wa Nakuru
Niko Los Angeles miaka mingi, kazi yangu ni jikoni kwenye mkahawa. Binti Songea amesema kweli na mimi naongeza ya huku.

Jikoni kwetu karibu wote wametoka Meksiko, lakini hawako sawa. Kuna jamaa anatoka milima ya Oaxaca, lugha ya mama yake ni Kizapoteki, Kihispania alijifunza akiwa mkubwa. Wenzake wa Jalisco na Zacatecas wanamwita jina la dharau la watu wa kwao, eti mfupi, eti mweusi wa ngozi. Anacheka tu lakini nikibaki naye tukiosha masufuria ananiambia inamchoma. Huku nje Mmarekani akimwona anamwita Mmeksiko, ndani ya jikoni Wameksiko wanamwita mshamba. Mwaka 2022 rais wa baraza la jiji la LA alijiuzulu baada ya sauti kuvuja akiwadharau watu wa Oaxaca, na yeye mwenyewe ni mtoto wa wahamiaji kutoka Meksiko.

Kwa hiyo ubaguzi huo unavuka mpaka na kuingia nao Marekani.

#19 Mkulima wa Makambako
Naona mnazungumza rangi tu. Mimi ni mkulima, nitasema mahindi.

Mahindi asili yake ni Meksiko, yalianzia huko maelfu ya miaka iliyopita. Ugali wetu huu tunawadai shukrani. NAFTA ilipoingia, ushuru wa mahindi ukapunguzwa hatua kwa hatua mpaka ukaisha kabisa mwaka 2008. Mahindi ya Iowa, Marekani, yenye ruzuku yakajaa. Mkulima mwenye ekari mbili milimani, anayelima mahindi, maharage na maboga pamoja shambani, atashindana vipi? Vijana wakaondoka. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 ndiyo wengi zaidi walivuka kwenda Marekani. Sasa familia zinaishi kwa pesa za kutumiwa. Mwaka 2023 zilipita dola bilioni 60. Nchi inayoishi kwa pesa hizo haiwezi kumkasirisha anayewashikilia watoto wake. Kusini inafunga kwa sababu kaskazini ina mateka.

#20 Bin Mwinyi
Mkulima, hoja ya mahindi ina uzito lakini haibebi yote. Kuhama kulianza zamani mno. Kuanzia 1942 hadi 1964 Marekani yenyewe ilikuwa ikiwaajiri vibarua wa mashambani kutoka Meksiko kwa mkataba, mpango wa Bracero, mikataba zaidi ya milioni 4. Mpango ukafutwa, mashamba yakabaki yanahitaji mikono, watu wakaendelea kuvuka bila karatasi. Isitoshe, baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, kwa miaka kadhaa Wameksiko waliorudi nyumbani walikuwa wengi kuliko waliokwenda. Pesa zikazidi kupanda watu wakipungua. Hilo la mateka linahitaji ushahidi zaidi.

#21 Mkulima wa Makambako
Pesa zimepanda kwa sababu waliobaki kule wamekaa muda mrefu na wana kazi nzuri zaidi. Si kinyume cha hoja yangu, Sheikh.

#22 Afande Mstaafu
Hamjataja usalama. Agosti 2010 huko San Fernando, Tamaulipas, wahamiaji 72 waliuawa na genge la Zetas na kukutwa ndani ya ghala la shamba. Magenge yanateka wahamiaji na kudai fidia kwa ndugu zao walioko Marekani. Serikali yoyote yenye akili itadhibiti mlango wa kusini, maana anayeingia kiholela anaishia mikononi mwa wauaji.

#23 Mama Zawadi
Afande, shikamoo. Sikubaliani. Ukifunga barabara kuu, mhamiaji anaingia vichochoroni, na vichochoro ndivyo vina wenyewe. Anapanda juu ya treni ya mizigo, ile waliyoiita Mnyama, usiku. Kizuizi ndicho kinachomkabidhi kwa genge. Na waliokufa mikononi mwa serikali je? Machi 2023 moto uliua watu 40 ndani ya kituo cha uhamiaji Ciudad Juárez, walikuwa wamefungiwa.

Afadhali nitaje wale kina mama wa kijiji cha La Patrona, Veracruz. Tangu 1995 wanapika wali na maharage, wanafunga kwenye mifuko, wanasimama kando ya reli na kuwarushia watu walio juu ya treni inayokwenda kasi. Walianza siku ambayo dada wawili walitoka dukani na mkate na maziwa, watu wa kwenye treni wakawaomba, wakawapa vyote. Si matajiri. Mjadala wa utambulisho wa Meksiko usiwaache nje hao.

#24 Afande Mstaafu
Marahaba mwanangu. Hao kina mama nawavulia kofia. Lakini serikali haiendeshwi kwa mifuko ya wali.

#25 Mwalimu wa Zamu
Mama Zawadi kanikumbusha jambo. Meksiko inajivunia sana kupokea wakimbizi. Mwaka 1937 ilimpokea Trotsky, mwanamapinduzi wa Urusi aliyefukuzwa na Stalin, alipokuwa hana pa kwenda. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Uhispania, Rais Lázaro Cárdenas alipokea Wahispania karibu 20,000. Mwaka 1973 wakaja Wachile waliokimbia mapinduzi ya kijeshi kwao. Kwa hiyo kusema ni nchi ya ubaguzi ni kuikata nusu.

#26 Binti Songea
Mwalimu, tazama orodha yako: maprofesa, waandishi, wanasiasa, na wengi wao weupe. Na pamoja na sifa zote hizo, Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 Meksiko ilijiunga nao mwaka 2000.

#27 Mwalimu wa Zamu
Na Wamaya wa Guatemala? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jeshi la Guatemala lilikuwa likichoma vijiji, wakakimbilia Chiapas, takriban 46,000 wakaandikishwa makambini. Hao ni wakulima, hawakuwa maprofesa. Wengi baadaye walipewa uraia na wanaishi majimbo ya Campeche na Quintana Roo hadi leo.

#28 Binti Songea
Walihamishiwa Campeche na Quintana Roo kwa sababu serikali haikuwataka karibu na mpaka. Waulize wenyewe kama walitaka kuhama.

#29 Chipukizi wa Chalinze
Nimejifunza leo kuliko muhula mzima. Mzee wa Kaya umeona?

#30 Mzee wa Kaya
Nimeona, kijana. Sasa niambie Belize iko wapi.

#31 Chipukizi wa Chalinze
Chini ya rasi ya Yucatán ya Meksiko, mashariki ya Guatemala 😎 Na kule kaskazini mwa Belize watu wengi ni wajukuu wa waliokimbia vita vya Yucatán vilivyoanza 1847. Kwa hiyo Wameksiko nao waliwahi kuwa wakimbizi upande wa kusini!

#32 Mwanafunzi wa Dunia
Chipukizi, safi sana.

Narudi kwenye hoja yangu, sijashawishika na koo la Kitwana. Mwaka 2015 vijana watatu ndugu, Watzeltali, wenyeji wa asili wa Chiapas, raia wa Meksiko kabisa, walikuwa kwenye basi wakienda kufanya kazi ya shamba Sonora. Uhamiaji wakawashusha Querétaro, wakasema vitambulisho ni vya kughushi, nyinyi ni Waguatemala. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Meksiko, na Mei 2022 ikaamuliwa kwamba ukaguzi wa aina hiyo katikati ya nchi unavunja katiba, kwa sababu ofisa hana kipimo kingine zaidi ya sura na lugha ya mtu. Hapo ushuru wa Trump unaingia wapi?

#33 Kitwana wa Gongo la Mboto
Hukumu naiheshimu. Lakini Februari 2025 Trump akatishia tena 25%, na Rais Claudia Sheinbaum akapeleka askari 10,000, safari hii mpaka wa kaskazini. Hukumu ipo na askari wapo. Nani mwenye nguvu?

#34 Mama Zawadi
Mkongomani wa Maine, wale mliokuwa nao Tapachula wote walifika?

#35 Mkongomani wa Maine
Hapana dada. Wengine walibaki. Rafiki yangu mmoja yuko Tijuana na mke wake, Mkongomani pia, wanafanya kazi kiwandani. Mtoto wao alizaliwa pale, kwa hiyo ni Mmeksiko kwa sheria, na kupitia yeye wazazi walipata karatasi ya kukaa moja kwa moja. Mtoto anaongea Kihispania kuliko baba yake. Baba anasema hataki tena Marekani.

#36 Mwanafunzi wa Dunia
Huyo mtoto ndiye swali langu lote. Akipanda basi akiwa na miaka ishirini, watamwambia aimbe?

#37 Bin Mwinyi
Na kuna jambo lingine la kisheria. Ibara ya 82 ya katiba inataka rais awe Mmeksiko wa kuzaliwa na mzazi wake mmoja awe Mmeksiko. Zamani walitaka wazazi wote wawili wawe wa kuzaliwa humo. Ikalegezwa kwa marekebisho ya 1994, ndipo Vicente Fox, ambaye mama yake alizaliwa Uhispania, akaweza kugombea na kushinda mwaka 2000. Mtoto wa Tijuana, wazazi wote Wakongomani, ni raia wa kuzaliwa lakini urais hapati.

#38 Chipukizi wa Chalinze
Na mtoto wake yeye je?

#39 Bin Mwinyi
Huyo akizaliwa Meksiko, anaruhusiwa.